Ufadhili wa ROTC Marekani: jinsi ya kuchagua kozi ya chuo utakayoweza kuimaliza

Mwongozo huu ni wa kijana aliye miaka miwili ya mwisho ya sekondari nchini Marekani, na wa mzazi wake, wanaotaka jeshi lilipe karo ya chuo na kijana aje atumikie akiwa ofisa. Njia yenyewe ni ROTC (Reserve Officers' Training Corps), mpango wa kuandaa maofisa wa jeshi vyuoni. Unasoma shahada yako katika chuo cha kawaida cha kiraia, unahudhuria masomo na mazoezi ya kijeshi ndani ya chuo hichohicho au chuo jirani, na ukihitimu unavishwa cheo cha kwanza cha uofisa. ROTC ziko tatu: ya Jeshi la Nchi Kavu, ya Jeshi la Majini (ambayo ndani yake kuna nafasi za Marini, yaani Marine Corps, askari wanaopigana kutokea baharini, na za wauguzi), na ya Jeshi la Anga, inayotoa pia maofisa wa Kikosi cha Anga za Juu.

Swali ambalo vijana wengi huanza nalo ni "kozi ipi itanipa ufadhili?" Ni swali la haki, lakini likibaki peke yake linaponza. Jeshi linaweza kukupa ufadhili ukiwa mtoto wa miaka 17 kwa sababu umeandika "uhandisi wa umeme" kwenye fomu, kisha mwaka wa pili kalkulasi ikakushinda. Hapo ufadhili unasimama, na kama ulishafungwa na mkataba, fedha zilizolipwa zinaweza kudaiwa, au ukaamriwa kuzilipa kwa kutumikia kama askari wa kawaida. Kozi nzuri ni ile ambayo jeshi linaitaka na wewe unaweza kuimaliza ndani ya mihula minane ukiwa na GPA (wastani wa alama zako) inayoheshimika. Vyote viwili lazima viwepo.

Kabla ya kozi: uraia

Ufadhili huu hutolewa kwa raia wa Marekani. Kadi ya ukaazi wa kudumu inakuruhusu kujiunga kama askari wa kawaida, lakini haikupi ufadhili wa ROTC wala kamisheni, yaani cheo cha uofisa. Kwa familia zilizotoka Kongo, Kenya, Burundi au Tanzania hili ndilo jambo la kushughulikia kwanza, kwa sababu karatasi za uhamiaji huchukua muda mrefu kuliko maombi yenyewe.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, anayeishi Marekani chini ya malezi halali ya mzazi wake, anakuwa raia papo hapo mzazi huyo anapoapishwa kuwa raia. Hafanyi mtihani wake mwenyewe. Anachohitaji ni ushahidi: pasipoti ya Marekani, au cheti cha uraia kinachoombwa kwa fomu N-600. Kwa hiyo mzazi anayesitasita kuomba uraia, huku mwanawe ana miaka 16 na anawaza ROTC, asingoje mpaka mtoto atimize 18.

Hatua ya kwanza: chagua jeshi, maana kila jeshi lina jicho lake kwa kozi

Jeshi la Majini ndilo kali kuliko yote. Limegawa kozi katika madaraja matatu. Daraja la 1 ni uhandisi. Daraja la 2 ni hisabati, sayansi na kompyuta: fizikia, kemia, biolojia, sayansi ya kompyuta na jamaa zake. Daraja la 3 ni mengine yote, kuanzia historia hadi biashara. Sera ni kwamba angalau asilimia 85 ya ufadhili wa upande wa Majini uende kwa madaraja mawili ya juu. Ukiomba na kozi ya siasa, unagombea kile kidogo kilichobaki pamoja na kila mtu mwingine asiyetaka hesabu.

Na hata ukipata kwa Daraja la 3, hesabu haikuachi. Kila mwenye ufadhili wa upande wa Majini (wauguzi hawamo), awe anasoma fasihi au falsafa, lazima asome mihula miwili ya kalkulasi, aimalize kabla ya mwaka wa pili kuisha, na mihula miwili ya fizikia inayotumia kalkulasi, aimalize kabla ya mwaka wa tatu kuisha. Ile fizikia nyepesi ya aljebra ambayo vyuo vingi huwapa wanafunzi wa biolojia haikubaliki. Mwanafunzi wa biolojia anaweza kufuata mpango wa idara yake neno kwa neno, na bado akajikuta amekosa sharti la jeshi, kwa sababu idara yenyewe haidai fizikia ile ngumu.

Upande wa Marini, ambao uko ndani ya ROTC hiyohiyo ya Majini, mambo ni tofauti kabisa. Kozi yoyote inakubalika na sharti la kalkulasi na fizikia halipo. Wanaangalia zaidi uongozi, mwili na alama za jumla. Kijana mwenye nguvu, anayependa historia na anayeogopa hesabu, ana nafasi ya kweli hapa kuliko upande wa meli.

Jeshi la Anga linagawa kozi za kiufundi na zisizo za kiufundi. Aina ya ufadhili inayolipa karo yote katika chuo chochote chenye programu hutolewa kwa wachache, na wengi wao ni wa uhandisi, kompyuta, fizikia, hisabati na hali ya hewa. Wengine hupata aina zenye kikomo cha fedha, au zinazolipa karo ya chuo cha umma cha jimbo lako tu. Kwa hiyo hapa kozi inaweza kugusa hata kiasi cha fedha.

Jeshi la Nchi Kavu ndilo lenye mlango mpana. Linachukua karibu kozi yoyote ya shahada, ingawa linatafuta kwa bidii wahandisi, wanasayansi na wauguzi. Ufadhili wake hulipa karo yote, au ukipenda malazi na chakula badala ya karo, na juu yake kuna dola 1,200 za vitabu kwa mwaka na posho ya dola 420 kwa mwezi wa masomo. Kama chuo kimekupa msaada mwingine unaofunika karo, kuchagua malazi kunaweza kuokoa fedha nyingi zaidi.

Muda wa kutumikia pia upime. Nchi Kavu ni miaka 8 kwa jumla, ambapo mara nyingi 4 ni ya kazi ya kudumu na inayobaki ni ya akiba. Ufadhili wa Majini ni miaka 5 ya kazi ya kudumu, na wa Marini na wauguzi ni 4. Jeshi la Anga ni 4 kwa wengi, lakini rubani hudaiwa miaka 10 baada ya kumaliza mafunzo ya urubani.

Hatua ya pili: tazama kazi unayoitaka, kisha urudi kwenye kozi

Watu hudhani kozi ndiyo inayoamua kazi ya jeshini. Kwa sehemu kubwa sivyo. Rubani wa Jeshi la Anga hahitaji shahada ya uhandisi wa ndege. Anaweza kuwa amesoma uhasibu, mradi alama zake za mtihani wa maofisa, GPA na tathmini ya kamanda ni nzuri, na macho na mwili wake vimepita uchunguzi. Ofisa wa askari wa miguu katika Nchi Kavu anaweza kuwa amesoma muziki. Meli za kivita nazo huongozwa na maofisa wa kila fani.

Kuna kazi, hata hivyo, ambazo shahada ndiyo ufunguo. Mhandisi wa utafiti, mwanasayansi, ofisa wa hali ya hewa na mhandisi wa ujenzi katika Jeshi la Anga wanatakiwa wawe na shahada zilizotajwa kwa majina. Muuguzi wa jeshi lolote lazima awe na shahada ya uuguzi yenye ithibati, na afaulu mtihani wa leseni, NCLEX. Kwa nyambizi na meli za nyuklia, Majini hutaka kalkulasi na fizikia zenye alama za juu, na mwombaji husailiwa maswali ya hesabu na fizikia ana kwa ana. Kwa upande huo, mhandisi mwenye GPA ya 2.6 hana nafasi nzuri kuliko mwanahisabati mwenye 3.6.

Andika kazi tatu unazozitamani. Kama hakuna hata moja inayodai shahada maalumu, uko huru zaidi kuliko ulivyodhani, na hoja inabaki mbili tu: ufadhili na uwezo wa kumaliza. GPA ina uzito katika kupangiwa kazi kwa majeshi yote matatu. Kozi ngumu iliyokuachia alama mbovu inaweza kukufungia milango ambayo kozi ya wastani ingekufungulia.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya krediti, muhula kwa muhula

Hapa ndipo wengi huanguka, na hapa ndipo pa kukaa na karatasi na kalamu jioni nzima.

Krediti ni kipimo cha uzito wa kila somo. Chukua mfano wa uhandisi mitambo wenye krediti 126. Masomo ya kijeshi ya upande wa Majini, tuseme manane ya krediti 3 kila moja, ni 24. Jumla ni 150. Gawanya kwa mihula 8, unapata 18.75 kwa kila muhula. Huo ni mzigo unaovunja watu, na vyuo vingi hutoza ada ya ziada ukipita krediti 18.

Sasa punguza. Muulize mshauri wa idara: masomo ya kijeshi yanahesabiwa ndani ya shahada hii au yanakaa nje? Idara moja inaweza kukubali krediti 6 kama masomo ya hiari, nyingine isikubali hata moja. Tukichukua 6, unabaki na 144, yaani 18 kwa muhula. Kama ulileta krediti 12 kutoka mitihani ya AP (masomo ya ngazi ya chuo yanayofundishwa sekondari) au masomo ya chuo uliyofanya ukiwa sekondari, unabaki na 132, yaani 16.5 kwa muhula. Hapo mtu anapumua. Ndiyo maana kalkulasi na kemia ulizozifanya sekondari zina thamani kubwa kwa mwombaji wa ROTC, hata kama hazimvutii.

Kisha chora mnyororo wa masomo yanayotanguliana. Kwa mhandisi mitambo, Kalkulasi ya I hutangulia Fizikia ya I, Fizikia hutangulia Statiki, na Statiki hutangulia Dinamiki. Ukipangiwa kuanza na hesabu za maandalizi badala ya Kalkulasi ya I, mnyororo wote unasogea muhula mmoja. Na kama Statiki hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, muhula mmoja unageuka mwaka mzima. Ufadhili wa miaka minne unahesabiwa kwa mihula minane. Mwaka wa tano wa uhandisi unaweza kuombewa ruhusa katika baadhi ya programu, lakini usiupange kana kwamba umeshapewa.

Angalia pia ratiba ya wiki. Kila kitengo cha ROTC kina siku na saa ya gwaride ambayo haihamishwi, pamoja na asubuhi kadhaa za mazoezi ya mwili kabla ya saa moja. Maabara ya kemia ya muda wa saa tatu huleta krediti 1 tu, lakini inameza mchana mzima. Kama maabara hiyo ina kipindi kimoja tu na kinaangukia saa ya gwaride, una tatizo ambalo hakuna mshauri atakayelitatua kwa barua pepe. Waandikie kitengo, waulize gwaride ni lini, kisha ufungue ratiba ya chuo ya mwaka uliopita uone masomo ya lazima yaliangukia wapi. Kama unasoma chuo jirani na kitengo kiko kwingine, ongeza muda wa safari.

Likizo ndefu nayo si yako peke yako. Makadeti wa Nchi Kavu hukaa zaidi ya mwezi Fort Knox, Kentucky, kati ya mwaka wa tatu na wa nne. Wa Jeshi la Anga huenda mafunzo ya kambini, kwa kawaida baada ya mwaka wa pili. Wa Majini huwa na safari za mafunzo wakati wa kiangazi. Kozi inayolazimisha muhula wa kazi viwandani haiendi vizuri na ratiba hii.

Kozi zinazohitaji tahadhari

Uuguzi. Kwa familia zetu nyingi Marekani hii ndiyo kozi ya kwanza kutajwa mezani, na jeshi linaihitaji kweli. Ila jihadhari na jambo moja: kuna vyuo vinavyokupokea katika shule ya uuguzi tangu siku ya kwanza, na vingine vinakupokea kama mwanafunzi wa maandalizi tu, kisha mwaka wa pili mnagombea nafasi chache. Ukiwa na ufadhili wa uuguzi ukakosa nafasi ile, ufadhili unayumba. Chagua chuo kinachokupokea moja kwa moja, hata kama jina lake si kubwa. Uliza pia zamu za hospitalini huanza saa ngapi, maana nyingi ni alfajiri na hugongana na mazoezi.

Udaktari. Hakuna shahada ya kwanza ya udaktari Marekani. Utasoma biolojia au kemia kisha uombe shule ya udaktari. Nchi Kavu huwaruhusu baadhi kuahirisha utumishi ili wasome udaktari, ila ni kwa ushindani. Ufadhili wa Majini umekusudiwa maofisa wa meli, nyambizi, ndege na vikosi maalumu, kwa hiyo usiupokee ukitegemea kuponyoka kwenda udaktari. Kwa mwenye nia thabiti kuna ufadhili mwingine wa jeshi, HPSP, unaoombwa wakati wa kwenda shule ya udaktari yenyewe.

Majina yanayofanana. "Teknolojia ya uhandisi" si "uhandisi". "Mifumo ya habari" ya shule ya biashara si "sayansi ya kompyuta". Tofauti ya neno moja au mawili inaweza kukushusha daraja. Chukua jina kamili la shahada kama lilivyo kwenye tovuti ya chuo, ulilinganishe na orodha ya jeshi. Kwa uhandisi, hakikisha programu ina ithibati ya ABET, chombo kinachokagua programu za uhandisi.

Usanifu majengo. Mara nyingi ni shahada ya miaka mitano. Hesabu nani atalipa mwaka wa tano.

Kiswahili chako kina nafasi, ila kisikae kwenye kiti cha kozi kuu

Kiswahili kimo kati ya lugha ambazo Wizara ya Ulinzi ya Marekani imezifadhili kupitia Project GO, mpango wa kuwalipia makadeti wa ROTC masomo ya lugha, na Indiana University imekuwa miongoni mwa vyuo vilivyokifundisha. Sababu iko wazi: Kamandi ya Afrika ina makao yake Stuttgart, Ujerumani, na Wamarekani wana kituo Manda Bay, Lamu. Jeshi la Anga limekuwa na mpango wa LEAP wa kuwakuza wanajeshi wenye lugha, na makadeti wameweza kuuomba.

Hata hivyo, shahada ya masomo ya Afrika au ya lugha iko Daraja la 3 kwa Majini. Afadhali usome kozi ya kiufundi, na Kiswahili ukiweke kama fani ndogo au ukithibitishe kwa mtihani wa jeshi wa lugha, DLPT, unaopima kusikiliza na kusoma. Kijana aliyelelewa akiongea Kiswahili nyumbani tu husikia vizuri, lakini hukwama kwenye habari ya gazeti kuhusu bajeti au mahakama. Mzazi, mpe asikilize habari za redio na asome magazeti kila siku, na akwambie kwa maneno yake amesikia na amesoma nini.

Na kama unawaza ujasusi, usalama wa mtandao au nyuklia, tayarisha mapema orodha ya ndugu wa karibu walio nje ya Marekani: majina, tarehe za kuzaliwa, uraia, na kiasi mnachowasiliana, pamoja na anwani zako za miaka 10. Fomu ya kibali cha usiri itayataka. Kuwa na bibi Bukavu au Mombasa si kosa; kumficha ndilo kosa.

Kuandika kozi kwenye maombi

Maombi hufunguka kati ya masika na kiangazi, kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari kuanza, na kupeleka mapema kunakupa nafasi ya kutazamwa na zaidi ya kikao kimoja. Andika kozi utakayoisoma kweli. Kuandika uhandisi ili upite, ukiwa na nia ya kuhamia saikolojia, hugunduliwa haraka, kwa sababu ufadhili hutolewa pamoja na kozi uliyoiandika.

Katika usaili utaulizwa kwa nini kozi hiyo. Jibu zuri lina somo ulilolipenda, kitu ulichokitengeneza au kukisoma, na kazi ya jeshini unayoilenga. "Mama anataka" si jibu, hata kama ni kweli. Nenda na mpango wako wa mihula minane uliochapwa. Ukishaingia utaujaza rasmi: Nchi Kavu hutumia fomu 104-R, Jeshi la Anga hutumia Fomu 48. Idara ya chuo na kitengo hupitia mpango huo, na huo ndio unaopimwa nao kila muhula.

Ukiona kozi inakushinda

Mwenye ufadhili wa miaka minne ana mlango mmoja wa thamani: kabla ya mwaka wa pili kuanza anaweza kujitoa bila kudaiwa utumishi wala karo ya mwaka wa kwanza. Utumie kwa akili. Ifikapo Machi ya mwaka wa kwanza, tazama alama za Kalkulasi na Fizikia au Kemia. Ukiwa na B unaendelea. Ukiwa na C uliyoipata kwa jasho, nenda kwenye kituo cha msaada wa masomo wiki hiyohiyo, na umwambie ofisa wako. Ukiwa na D, huo ndio wakati wa kuzungumza kuhusu kozi nyingine.

Kubadili ndani ya kundi moja, mfano kutoka uhandisi wa umeme kwenda uhandisi wa kompyuta, mara nyingi hupita kama tarehe ya kuhitimu haisogei. Kushuka kutoka kozi ya kiufundi kwenda isiyo ya kiufundi kunahitaji idhini ya juu katika Majini, na katika Jeshi la Anga kunaweza kukugharimu ufadhili wenyewe. Andaa mpango mpya wa mihula iliyobaki, uusainishe na mshauri wa idara mpya, upeleke kwenye kitengo ukiwa na sababu zilizoandikwa, na usibadili kozi kwenye mfumo wa chuo mpaka jibu la jeshi limekufikia kwa maandishi. Neno la mdomo la ofisa mwema aliyehamishwa mwezi uliofuata halitakusaidia mbele ya atakayekuja baada yake.